Herufi ya Mume na Mke

Fundi Unywele hakuwa na hata unywele mmoja kichwani. Jina lile alipewa kwa sababu ya mkono wake. Akishika brashi, alivuta mstari wa rangi mwembamba kama unywele kutoka juu ya ubao hadi chini bila kutetemeka, na waliosimama kumtazama walijikuta wamebana pumzi kwa niaba yake. Kinyozi wa mlango wa pili hakuliacha jina hilo lipite hivihivi.

"Mtaa mzima huu," alimwambia karibu kila asubuhi akifagia, "jirani nisiyetegemea kitu kwake ni wewe tu."

"Na mimi nategemea nini kwako? Kibao chako nilikiandika zamani, na mpaka leo hakijachubuka."

"Ndiyo ubaya wenu mafundi mnaofanya kazi nzuri. Mnajifilisi wenyewe."

Karakana ya Unywele ilikuwa chini ya ngazi za jengo la zamani la ghorofa tatu. Dari yake ililala mshazari: upande mmoja mtu alisimama wima, upande wa pili aliinama kama anayetafuta sindano. Ubaya wa chumba hicho aliujua, lakini uzuri wake aliujua zaidi. Kila aliyepanda ghorofani na kila aliyeshuka alipita mbele ya mlango wake, akaona vibao vinavyokauka, akaanza kufikiria kwamba na yeye biashara yake ingefaa kuwa na kibao. Wapo wanaotafuta chumba kizuri. Mwenye akili hutafuta miguu inayopita.

Herufi iliyomjengea jina ilikuwa moja, na mtaani iliitwa Mume na Mke. Ilikuwa na mguu mmoja mnene, mweusi, uliojaa kama mfuko wa saruji, na pembeni yake mstari mwembamba kama wembe uliosimamishwa ubavu. Wa katikati hakuwepo. Mnene alikuwa mnene kwelikweli, mwembamba alikuwa wa kutia huruma, na mahali walipokutana palikuwa na kona kali ya kukatia mkate. Ukiitazama ilikuwa kama mtu anayeingia ukumbini akiwa amechelewa makusudi ili ageukiwe.

Aliijulia kwenye kifuniko cha kopo la poda. Enzi hizo alikuwa kijana wa kupaka nyumba chokaa, na kile kifuniko alikiokota kwenye uwanja wa nyumba aliyokuwa akiipaka. Akakiweka mfukoni. Tangu siku hiyo, kabla ya kupaka ukuta wa mtu, aliujaza kwanza herufi za kujifunzia, A mpaka Z, kisha akazifunika kwa chokaa kama mwizi anayefukia alichoiba. Zipo familia mpaka leo zinakula chakula cha jioni zikiwa zimeegemea alfabeti nzima na hazina habari.

Alipoiweza, akaanza kuiuza. Na hapo ndipo ilipoonekana kwamba Unywele alikuwa fundi kwa mkono na dalali kwa mdomo. Fundi wa suti alipokuja, alimwambia, "Wewe unashona nguo za watu wanaotaka kutazamwa. Herufi hii imeshavaa suti, bado wewe tu kuifunga tai." Muuza manukato aliambiwa kwamba mstari ule mwembamba ni harufu yenyewe, unapita puani kabla hujajua. Mwenye ukumbi wa harusi hakuambiwa chochote. Alilisikia jina la herufi, akacheka, akalipa.

Lakini alijua pia kukataa, na kukataa kwake kulimletea wateja kuliko kukubali. Walipokuja watu wa umeme wakitaka kibao cha HATARI kwa mtindo uleule, aliwapa herufi za kawaida, butu kama tofali. "Hii nyingine inataka kusifiwa," aliwaambia. "Sasa mtu asianze kusifu herufi huku anaungua." Daktari wa meno naye alirudishwa. "Mgonjwa akiona ncha kali zile mlangoni, jino litapona lenyewe." Na mwenye duka la dawa aliyetaka maelezo ya vidonge yaandikwe kwa Mume na Mke, madogo, alipewa somo zima: herufi hii ukiifanya ndogo inakuwa kama kuku aliyenyonyolewa manyoya. Uzi unakatika, mnene anavimba, na msomaji anameza vidonge vya jirani.

"Herufi hii inataka ukubwa," ndiyo yalikuwa maneno yake. Aliyasema mara nyingi mno hata akasahau kuyachunguza.

Mke wake alimpata mlangoni hapohapo. Alikuwa fundi wa mapazia, akaja kutaka kibao. Alipotajiwa bei alicheka, akageuka kuondoka. Akaitwa, akarudi, akacheka tena. Alikuja na kuondoka kiasi kwamba kinyozi alianza kumtolea kigoda. Mwishowe kibao alikipata bure, maana hakuna anayemtoza mkewe. Baadaye, walipojaliwa mapacha na yeye akaitwa Mama Pacha, Unywele alikuwa akisema hajawahi kupunguza bei kiasi kile maishani. Mama Pacha alijibu kwamba aliyelipa ghali ni yeye.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka jengo lilipouzwa.

Aliyelinunua aliitwa Mama Godoro. Alianza kwa kushona mito ya vipande vya nguo kwa mkono, akapanda polepole, na sasa magodoro yake yalikuja kwa malori mpaka dukani kwake, nyuma ya jengo hilo. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, asiyependa kusema jambo mara mbili. Siku ya kwanza tu alifika chini ya ngazi akiwa na kijana mmoja ambaye Unywele alimjua na hakumpenda: Bwana Mashine, aliyekuwa na mtambo wa kuchapa mabango ya plastiki, na ambaye kwa muda mfupi alikuwa amemnyang'anya Unywele nusu ya wauza simu wote wa mjini.

"Nyote wawili nimesikia habari zenu," alisema Mama Godoro, akiwa amesimama mahali pekee ambapo dari haikumgusa. "Nataka bango juu ya paa. Neno moja tu: MAGODORO. Lionekane mpaka kituo cha basi kule ng'ambo. Atakayeniandikia bango hilo nikaridhika, chumba hiki ni chake kwa muda wote nitakaokuwa na jengo hili. Mwingine atafute pengine. Sina vyumba vya kugawa kama peremende."

Miaka yote ile Unywele hakuwahi kufikiria kwamba chumba chenye dari ya kuinamia kinaweza kuwa zawadi ya mashindano. Lakini uso wake aliuacha ulivyo. Anayeonyesha kwamba anakihitaji kitu ameshajipandishia bei.

"Mimi, Mama, kesho asubuhi limetoka," alisema Bwana Mashine.

"Na msimu ukigeuka limepauka," alisema Unywele. Akamgeukia mwenye nyumba. "Mama, godoro ni nini?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza kwa sababu wewe ndiye unayejua. Godoro ni unene. Sasa tazama hapa." Alivuta kibao cha mwenye ukumbi kilichokuwa kinasubiri kuchukuliwa. "Tazama mguu huu. Mtu akiuona, hatamani kuulalia?"

Mama Godoro aliinamisha kichwa. "Na huu uzi wa nini?"

"Huo ndio unaomfanya mnene aonekane. Mtu mnene akisimama peke yake ni mtu tu. Msimamishe na mwenzake mwembamba, ndipo watu waseme, lo!"

Mwili mzima wa Mama Godoro ulitikisika kwa kicheko. "Marehemu mume wangu alikuwa kama ufito. Kila tukipiga picha watu wanauliza kama nimemshika mkono au nimeshika fimbo. Haya, fundi, nimekuelewa. Anza wewe. Likinipendeza likiwa juu, chumba chako. Lisiponipendeza, Bwana Mashine anatoa lake na wewe unatoa virago vyako."

Unywele aliifanya kazi ile kwenye ukumbi wa chini wa jengo, kwa sababu chumbani mwake hata ubao mmoja usingeweza kusimama. Kila herufi ilipata ubao wake peke yake, mkubwa kuliko mlango, mweupe, na yeye alipanda juu ya stuli kufikia kichwa cha M. Hakuwahi kupata nafasi kama ile. Herufi inayotaka ukubwa leo imepewa ukubwa, alijiambia, basi na ile tofauti ipewe haki yake. Miguu minene aliijaza rangi nyeusi inayong'aa, mipana kama kifua cha mbeba mizigo. Mistari myembamba aliivuta kwa upana wa kidole chake kidogo, akijua moyoni kwamba hakuna fundi mwingine wa mji ule ambaye angethubutu.

Kinyozi alipita na kopo la maji. "Hizi nyembamba, mbona zimekonda hivi? Zinaumwa?"

"Wewe nyoa tu."

"Nimeuliza tu. Mimi vitu vyembamba nikiviona mkono unaniwasha."

Kila herufi ilipokauka, Unywele alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa mwisho wa ukumbi, akafumba jicho moja, akatazama. Ilikuwa nzuri. O zilikuwa kama nyuso za watu waliopakwa wanja. R ilikuwa imetoa mguu mbele kama askari wa gwaride. Alijisifu kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kumfanyia kazi hiyo.

Siku ya kuzipandisha, mtaa ulisimama. Wanaume walivuta kamba, wengine walipiga kelele za maelekezo, na kama kawaida waliopiga kelele walikuwa wengi kuliko waliovuta. Ubao wa mwisho ulipofungwa juu ya paa, Unywele alifuta mikono, akavuka barabara mpaka kituo cha basi, akiwa hageuki nyuma, kama mtu anayejiwekea kitamu cha mwisho.

Kabla hajageuka, alisikia watu wakicheka.

"Mama Godoro ameanza kuuza nguzo?" aliuliza muuza karanga wa pale kituoni.

"Nguzo na ndizi," alisema abiria mmoja. "Hebu zione zile ndizi zinavyotazamana."

Unywele akageuka. Juu ya paa hapakuwa na neno. Mistari yake yote myembamba, ile iliyomletea jina, ilikuwa imeyeyuka kwenye mwanga wa mchana kama chumvi majini. M ilibaki nguzo mbili, moja imelala kidogo. A ilikuwa nguzo moja iliyolewa. Kila O ilikuwa ndizi mbili zilizotazamana matumbo. Ni uzio ulioharibika, umewekwa juu ya nyumba kwa sababu zisizojulikana.

Mama Pacha alikuwa amekuja na mkasi wake shingoni moja kwa moja kutoka kazini. Alitazama juu, akamtazama mumewe, akatazama tena juu.

"Baba Pacha," alisema, "mbona wake wote wametoroka?"

Muuza karanga alikaa chini ili acheke vizuri.

"Wamebaki waume watupu," Mama Pacha aliendelea, "wamesimama kama wanasubiri foleni ya kinyozi."

"Cheka tu," alisema Unywele. "Chumba kikienda, vibao vitakuja kukauka chini ya kitanda chako."

Hapo Mama Pacha akaacha kucheka.

Mama Godoro alifika wakati uleule. Hakupaza sauti. Alisimama kituoni, mkono kiunoni.

"Fundi, soma."

"Magodoro."

"Wewe unasoma kwa sababu uliandika. Mimi ninaona uzio." Akacheka kidogo, na kicheko cha mwenye nyumba kina baridi kuliko matusi. "Kesho Bwana Mashine atakuja kukipima chumba. Ukiwa na la kusema, niletee kesho hiyohiyo kabla sijafunga duka."

Jioni ile Unywele alikula bila kujua anakula nini. Alikuwa amesimama kituoni muda mrefu, amenyosha mkono, akiipima herufi moja kwa kidole gumba, na kidole kilikuwa kimeifunika yote. Ubao mkubwa kuliko mlango, na kidole gumba kinaufunika! Miaka yote aliwaambia watu kwamba herufi ile inataka ukubwa, na kumbe ukubwa haukai ubaoni, unakaa jichoni. Bango kubwa lililo mbali ni bango dogo. Lile kosa alilomkataza mwenye duka la dawa, amelifanya mwenyewe, na akalipandisha juu ya paa kwa kamba ili kila mtu alione.

Mama Pacha alikuwa anapinda pazia lenye maua madogo. "Haya maua," alisema bila kuinua kichwa, "mteja akiwa dukani ni maua. Akishayatundika dirishani, jirani wa ng'ambo anaona kitambaa cha majivu. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza: pazia hili atalitazama nani, wewe au jirani?"

"Na akisema jirani?"

"Nampa mistari minene. Wewe nenepesha mistari yako, yaishe."

"Nikiinenepesha si Mume na Mke tena. Ni mume na mashemeji. Na herufi nene tupu, Bwana Mashine anazitoa kabla sijachovya brashi. Ukishindana na mtu kwa bidhaa yake, umemtangazia."

"Basi acha kumwandikia jirani," alisema Mama Pacha, akakata uzi kwa meno. "Tafuta aliye karibu."

Unywele aliacha kutafuna.

Asubuhi Bwana Mashine alikuja na futi ya kupimia. Hatua yake ya kwanza ndani ya chumba ilikuwa nzuri. Ya pili aligonga kichwa kwenye dari.

"Pole, mdogo wangu. Dari hii haina adabu kwa wageni. Karibu chai."

Bwana Mashine alipokea kikombe huku anajisugua paji la uso. "Mzee, soketi iko wapi?"

"Soketi? Hapa pana taa, na taa yenyewe inawaka ikijisikia. Kwani mashine yako ina upana gani?"

Kijana alinyosha mikono yote miwili, haikutosha. "Kama kitanda cha watu wawili."

Wote wakautazama mlango. Ulikuwa mlango ambao mtu mwenye chakula kingi tumboni aliupita ubavu.

"Sasa chumba unakitaka cha nini?" aliuliza Unywele.

"Si ninapewa? Mtu akikupa kitu unakataa?"

"Kupewa na kutwishwa ni mambo mawili. Niambie ukweli, wewe hasa unataka nini?"

Bwana Mashine alitazama ndani ya kikombe. Kumbe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na haraka ya ujana. "Nataka bango la juu, na pembeni chini nambari yangu ya simu. Na ningepata kile chumba cha nyuma, upande wa uani, chenye mlango wa mabawa mawili... pale nilipo sasa mvua ikinyesha nafunika mashine kwa mwili wangu."

"Umemwambia Mama?"

"Hajaniuliza."

"Hawaulizi, mdogo wangu. Maliza chai twende."

Mama Godoro alifanyia kazi juu ya magodoro. Kiti chake kilikuwa rundo la manne, meza yake rundo la sita, na wageni walikaa kwenye moja lililokuwa chini kabisa, ili wakijadili bei wawe wanatazama juu. Unywele alikataa kukaa.

"Mama, ule ukuta wa stoo yako umekushinda."

"Usinitajie ukuta ule!" Mama Godoro alijibu haraka kuliko alivyokusudia. Ulikuwa ukuta mrefu, mtupu, ulioshikana na duka, kandokando ya njia ya miguu, na wanaume wa mji walikuwa wameugeuza choo. "Nimeandika USIKOJOE HAPA, wakalenga maandishi. Nimeweka taa, ikawarahisishia. Nimeweka mlinzi, na mlinzi mwenyewe nikamkuta ameugeukia ukuta anapiga mluzi."

"Mtu hukojoa mahali pasipo na wa kumtazama. Zishushe herufi zangu, zisimame pale chini, moja baada ya moja, mbele ya macho ya wapita njia. Atakayepita atakuwa karibu nazo kama nilivyo karibu na wewe. Hapo huo uzi unaonekana, na ukionekana, mnene anakuwa mnene."

"Na juu ya paa nibaki na nini? Kunguru?"

"Juu mpe huyu kijana. Aandike nene tupu, kavu, bila mke bila watoto. Yeye anasomeka mpaka kituoni. Juu panasema duka liko wapi, chini panasema ingia. Ni kazi mbili, Mama. Mtu mmoja akizichukua zote, moja ataiharibu."

Mama Godoro aliwatazama kwa zamu. "Mmekuja kuniuzia kitu kimoja mara mbili."

"Tumekuja kukuuzia viwili, ulivyodhani ni kimoja."

"Na chumba?"

Pakawa kimya. Wafanyabiashara wanajua kimya hicho: anayekivunja ndiye anayelipa. Unywele alijifanya anachunguza mshono wa godoro. Bwana Mashine alifungua mdomo, Unywele akamkanyaga mguu. Aliyeshindwa kuvumilia alikuwa Mama Godoro.

"Tulisema anayeandika bango la juu. Kwa haki chumba ni cha kijana."

"Kwa haki," alisema Unywele.

"Mbona huumii?"

Bwana Mashine sasa hakuzuilika. "Mama, kichwa changu kimeshapigwa na kile chumba. Mashine haiingii, hata ukiikata. Mimi naomba kile cha uani."

"Cha uani nilikuwa nimepanga kukiweka mito."

"Mito inaweza kulala chini ya ngazi?" aliuliza kijana, na hapo ndipo Unywele alipotamani angemkanyaga miguu yote miwili.

Macho ya Mama Godoro yaling'aa. Alikuwa amepata pa kushika. "Enhe! Mito inaweza kabisa. Basi nisikilizeni. Herufi zishuke, zisimame ukutani siku ya soko, na juu ya paa kijana aweke lake. Ukuta ukinuka, mito inahamia chini ya ngazi na fundi anahamia anakojua. Ukuta ukikauka na watu wakaingia dukani, tutazungumza."

Siku ya soko Unywele alikuwa pale mapema kuliko wafagiaji. Mama Pacha alikaa kando na kikapu cha mapazia, akijidai anafanya kazi. Herufi zilisimama zimeegemea ukuta uliooshwa, kila moja na ubao wake, nyeusi tii, na ile mistari myembamba ikameta kama nyuzi za buibui wakati wa umande. Juu ya paa, bango la plastiki la Bwana Mashine lilisema MAGODORO kwa sauti moja, kama mpiga debe.

Mtu wa kwanza kusimama alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alinyosha kidole, akaufuata uzi wa G kutoka mwanzo hadi ulipogeuka kuwa mnene, akacheka, akataka tena. Halafu wakaja vijana, mmoja akasimama mbele ya O ili kichwa chake kikae katikati, mwenzake akampiga picha. Halafu mzee mmoja mwenye kitambi alijipanga na mguu mnene wa D, akamwita mkewe asimame upande wa pili. "Ndiyo sisi hawa!" alitangaza, na mkewe akamwambia wakirudi nyumbani watakuwa na maongezi.

Karibu na adhuhuri akaja yule ambaye Unywele alikuwa akimngoja kwa hofu. Alikuja kwa mwendo wa haraka wa mtu aliyezoea mahali, mkono tayari kwenye mkanda. Mama Pacha alishika mkono wa mumewe. Mtu yule alifika ukutani, akainua macho, akajikuta uso kwa uso na R, ndefu kumpita, imevaa vizuri kumpita, na imetoa mguu mbele. Alisimama. Akafunga mkanda vizuri. Akakohoa kama aliyeingia sebuleni kwa wakwe, akageuka, akaingia mlango uliokuwa karibu, ambao ulikuwa wa duka la magodoro. Akaulizwa anataka nini. Kwa aibu akaulizia godoro la mtu mmoja, na wauzaji wa Mama Godoro si watu wa kumwachia aliyekwisha kuuliza.

"Miaka yote napita hapa," alisikika akisema alipotoka nalo begani, "nilidhani ni ghala la saruji."

Duka lilijaa mpaka watu wakawa wanajaribu magodoro kwa zamu. Jioni Mama Godoro alitoka nje akitembea polepole, akaupita ukuta wote kutoka M hadi O ya mwisho. Aliinama, akagusa chini kwa kiganja, akakinusa mbele ya watu bila haya.

"Pakavu," alisema.

Unywele alingoja. Safari hii kimya kilikuwa kirefu, na alikuwa tayari kukaa ndani yake mpaka asubuhi.

"Kijana achukue cha uani," alisema Mama Godoro mwishowe. "Mito nitajua pa kuilaza. Wewe fundi baki chini ya ngazi yako, muda wote nitakaokuwa na jengo, kama tulivyosema. Lakini kila kibao cha ndani ya duka langu utaniandikia wewe, kwa bei ya ndugu."

Unywele alishika kifua kama aliyechomwa kisu. "Bei ya ndugu, Mama! Unanimaliza." Kazi ya kudumu, mlangoni kwake, na mteja hana pa kukimbilia: alilazimika kugeuza uso ili asionekane anatabasamu.

Alipogeuka alikuta Mama Pacha ameshasimama mbele ya mwenye nyumba.

"Na kufuli?" alisema Mama Pacha. "Mlango ule una kufuli la mwenye nyumba wa zamani. Mpangaji akipewa chumba hupewa na kufuli."

"Kufuli ni la mpangaji," alijibu Mama Godoro.

"Tangu lini? Mlango ni wa nani?"

"Mlango wangu. Vilivyomo vyenu."

"Basi funga mlango wako!"

Mama Godoro alivuta stuli, akakaa. Mama Pacha alivuta kikapu chake, akakaa. Kinyozi aliyekuja kuona kilichotokea alipima hali ya mambo kwa jicho, akarudi dukani kwake kuleta kigoda cha tatu. Wanawake wale wawili walibishana mpaka taa za barabarani zikawaka, wakicheka katikati na kupigana vikofi vya begani, na kila mmoja akasema hajapata mtu wa kubishana naye vizuri hivyo siku nyingi. Hakuna aliyeshindwa. Mpaka leo mlango wa chini ya ngazi haufungwi kwa kufuli. Unafungwa kwa kamba ya pazia, mafundo mawili, na mwizi yeyote anayetaka kuingia atalazimika kuinama.